Mlango Uliofunguka Saa Nne

Duka la spea lilikuwa limefurika, na fundi wa milango alikanyagwa mara mbili kabla ya kumwona yule mwanamke kwenye kaunta: gauni la bluu, doa la grisi kiunoni, futi ya kushonea shingoni. Mkononi alishika gia ya plastiki iliyolika meno yote.

"Mota ya zamani hiyo, mama," muuzaji alimwambia. "Ng'oa, weka mpya."

"Asing'oe!" fundi akadakia. "Mota zile za milango ya gereji ni chuma kitupu. Hiyo gia huwekwa laini ife yenyewe, mota ipone. Wakubwa wa viwanda wanajua, ndiyo maana wameacha kuileta."

Mwanamke akageuka. "Wewe ni fundi au mwanasiasa?"

"Mwanasiasa angekuambia usubiri."

Akacheka. Fundi hakuwa amemchekesha mtu tangu amzike mkewe, aliyefia hospitalini kwenye foleni ya mashine mbovu ambayo wenye vyeo walisema wanaishughulikia.

Jumatatu akawa juu ya ngazi katika gereji ya yule mwanamke mshonaji, iliyogeuzwa chumba cha cherehani. Akakwangua grisi iliyokauka kama lami, akaweka gia aliyoitoa kwenye mota nyingine iliyokufa, akakaza cheni. Ndani kulikuwa na swichi nane ndogo zinazoipa rimoti namba yake ya siri. Rimoti ya nyumba ile ilipotea zamani, wenyewe walitumia kitufe cha ukutani. Fundi akazipanga swichi sawa na za rimoti yake ili ajaribu, halafu azibadilishe. Mlango ukapanda. Chai ikaja, maneno yakanoga, swichi zikasahaulika.

Zikafuata wiki mbili za simu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo wewe! Sauti ina njaa."

Kisha simu ikabadilika. "Mlango umefunguka wenyewe. Saa nne asubuhi, kama jana. Mama yangu huota jua palepale chini yake. Ukimshukia je?"

Fundi akaacha kazi aliyoishika. Mota za zamani hazina jicho la kuona mtu. "Mbona niliiacha nzima?"

"Basi mbovu ni mimi? Au umeitegesha ili nikuite kila siku?"

"Mimi si tapeli, bibie!" Akakata simu, akajuta kabla haijapoa.

Ujumbe ukaingia: *Kesho kampuni inakuja kuing'oa. Usipige tena.*

Alasiri ile akaenda bila kuitwa. Mshonaji alimpokea amekunja mikono. "Dakika kumi."

Gia nzima. Cheni nzima. Waya nzima. Ndipo akaziona zile swichi, bado zimepangwa kama za rimoti yake. Rimoti ilikuwa mfukoni mwake, imebanana na bisibisi.

Angeweza kusogeza mbili tu, aseme amelishughulikia tatizo, atoke shujaa. Ndivyo wanavyofanya wakubwa.

Akashuka ngazi. "Kosa ni langu. Sikubadilisha namba. Rimoti yangu ndiyo inayofungua, bisibisi huibonyeza mfukoni."

"Ukiwa wapi? Kazi zako si ziko ng'ambo ya soko?"

"Hapo barabarani. Saa nne."

"Unafanya nini hapo saa hizo?"

"Napita. Nikisikia cherehani, naenda zangu."

"Cherehani ina nini?"

"Ikilia, najua u hai. Mke wangu nilimwacha asubuhi anaongea. Jioni nikakuta kitanda chake cha wodini kimeshatandikwa."

Mshonaji aligeukia pale mama yake huota jua. "Na mama yangu angepondwa kwa sababu ya kupita kwako."

"Angepondwa."

"Badilisha. Nikiona."

Akapanda ngazi, akabadilisha. Mshonaji akaichukua ile rimoti, akaibonyeza mara tano akiutazama mlango. Haukutikisika. Akapiga simu kampuni: "Kesho msije." Hakutabasamu.

"Nyumba hii ina kengele," akasema. "Kesho bonyeza hiyo. Mama atakufungulia, atakuuliza umefuata nini kwa binti yake."

"Jibu ninalo. Nataka..."

"Wee! Usiniambie mimi," akamkatiza, akimrudishia rimoti yake. "Ukamwambie yeye. Na unyoe ndevu."