Mbuzi wa Ntheo Aliyevaa Skafu ya Chama

"Rudisheni hao mbuzi! Hapa kwangu hawaingii!"

Mzee Nzivo alikuwa amesimama katikati ya lango lake pale Kayole, mikono kiunoni. Mbele yake walikuwa wageni kutoka Njiru wamevaa suti zao za kanisani, na mbuzi watatu wa ntheo. Hao ndio mbuzi ambao baba Mkamba akishawapokea, binti yake ameposwa na maneno yameisha.

Shida ilikuwa yule mbuzi wa mbele. Shingoni alikuwa amefungwa skafu ya zambarau ya chama cha Kengele, na saa hiyo hiyo redio za mtaa mzima zilikuwa zikitangaza kwamba mgombea wa Kengele ndiye rais mteule.

"Mzee, hiyo ni furaha tu," alisema Ankal Wanyoike, msemaji wa upande wa bwana harusi, akicheka mpaka tumbo linatikisika. "Kengele imelia! Leo ni sherehe mbili kwa moja!"

"Rais wenu simtambui. Na nyinyi siwatambui. Kwaherini."

Lango likabamizwa. Mbugua, fundi wa sofa wa Gikomba, kijana aliyekuja kuposa, akabaki ameshika kamba ya mbuzi, macho yamemtoka. Pasta alikuwa ameshasema wazi kwamba bila baraka za Mzee Nzivo hafungishi ndoa yoyote.

Asubuhi yake simu ya Mbugua ikalia mlio wa ujumbe. Alikuwa Nthenya, binti ya mzee.

"Babe, uko aje?"

"Niko kama serikali imekataliwa na Umoja wa Mataifa."

Nthenya akapiga simu hapo hapo, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Nisikize. Baba ameendesha gari la balozi maisha yake yote. Kwa hii nyumba tumelishwa protokali kuliko ugali. Sasa niambie, nchi mpya ikikataliwa hufanya nini?"

"Inaanza vita?"

"Zii! Inatafuta kutambuliwa. Nchi moja moja, mpaka yule amekataa abaki pekee yake."

"Na sisi tunaanza na nani?"

"Awale."

Awale ndiye mwenye duka mkabala na lango la mzee, rafiki yake wa chai na magazeti. Mzee alipokwenda kuchukua maziwa, Awale akasimama wima nyuma ya kaunta kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

"Mzee Nzivo, kuanzia leo hili duka linamtambua Mbugua. Pongezi kwa wewe na watu wako."

"Awale! Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ni msimamo wa duka."

"Basi nakuwekea vikwazo! Maziwa yako sinunui tena!"

Akaenda akanywa chai ya rangi, amenuna. Hajamaliza kikombe, dada yake Koki akapiga kutoka Machakos.

"Kaka, sisi wa huku tunatuma pongezi kwa Nthenya na mume wake."

"Mume gani? Koki, hii ni nchi huru! Msiingilie mambo yetu ya ndani!"

Jirani Nduta naye akatuma ujumbe wenye maua na njiwa. Kwaya nayo ikatuma. Na kwenye televisheni mambo yalikuwa yale yale. Marais wa nchi jirani walikuwa wakimpongeza rais mteule mmoja baada ya mwingine, na kila pongezi ikisomwa, mzee anazima. Nthenya alijiona mwanadiplomasia kweli kweli. Akamwandikia Mbugua, "Bado kidogo. Anaishiwa na marafiki."

Alhamisi mchana mgombea wa mzee mwenyewe akatokea kwenye skrini, akakubali kwamba ameshindwa. Safari hii mzee hakuzima. Alikaa tu, kofia magotini.

"Baba," Nthenya akasema kwa upole, "hata mtu wako amekubali. Umebaki wewe."

"Yeye amepoteza kiti. Mimi kupoteza kura nimezoea, sijawahi kuchagua rais akashinda. Lakini siku ile nilikuwa nimepoteza kura, na watu wako langoni kuchukua mtoto wangu, na yule ankal wao ananicheka. Mmenitumia pongezi wiki nzima. Nani ameniambia pole?"

 Nthenya aliona haya, moyo ukamuuma. Akapiga magoti akamshika baba yake mikono.

"Hakuna, Baba. Hata mimi sikusema. Pole sana."

Alipotoka uani akampigia Mbugua.

"Simamisha kampeni. Tulikuwa tunamzingira na ameumia. Anataka pole, na si yako wewe. Ni ya ankal wako."

Ankal Wanyoike alikataa katakata.

"Mshindi haombi msamaha, kijana. Si tumeshinda?"

"Ankal, wewe ndio umeshinda," Mbugua akasema. "Mimi nimeenda kupiga kura, nimerudi, na Nthenya hayuko. Nimeshinda nini?"

Ankal akamtazama mtoto wa dada yake. Kisha akaenda kutafuta koti.

Jumapili baada ya ibada wakafika Kayole wawili tu, ankal na Mbugua. Mzee Nzivo alifungua lango nusu. Ankal Wanyoike akavua kofia, na hakucheka.

"Mzee, pole kwa kura. Mtu wako alijaribu vizuri. Na pole zaidi kwa siku ile. Ulikuwa unatupea mtoto, mimi nikaleta siasa. Nilikosa adabu."

Mzee akakohoa, akapangusa jicho kama limeingia vumbi. Lango likafunguka lote.

"Ingieni. Nthenya, chai! Nenda kwa Awale ulete maziwa, mwambie vikwazo nimeondoa." Kisha akamgeukia ankal. "Mbuzi wako wapi?"

"Njiru, Mzee. Wamenona."

"Waleteni Jumamosi. Bila nguo."

Nyumba nzima ikacheka, Nthenya akirukaruka mlangoni na jagi la maziwa mkononi. Mbugua alikuwa ameinama, anajifanya kufunga kamba ya kiatu ili machozi yake yasionekane. Mzee akamwekea mkono begani.

"Wewe, kijana. Mungu akikupa msichana, iko siku watu watakuja na mbuzi wamchukue, na kila mtu atakuambia hongera."

"Ndiyo, Mzee."

"Siku hiyo nipigie mimi. Nitakuambia pole."