Ufuko Chini ya Mlima Sekenke

Mchana ule Dorkas alikuwa akipepeta uwele. Ghafla sufuria ziligongana kichanjani mara mbili, kisha zikatulia. Upepo haukuwepo. Chini ya mlima Sekenke ardhi hutikisika hivyo mara mojamoja, na watu huendelea na kazi kana kwamba hawakusikia.

Safari hii mumewe, Zefania, alitoka shimoni mbio. Wiki tatu alikuwa akichimba kisima mbugani, nyuma ya zizi. Tope jeupe lilimjaa hadi kwenye kope. Alifungua kiganja, akaonyesha vifupa vidogo vya mviringo.

"Vidole vya mtu," alisema kwa sauti ndogo.

Dorkas alikwenda kuchungulia, akaogopa. Chini kabisa, kina cha watu wawili, tope gumu lilikuwa na mikunjo midogomidogo. Ungedhani mawimbi yamepita hapo asubuhi. Lakini hakuna babu aliyewahi kuona ziwa mahali pale.

Kwao, anayekuta mifupa shimoni hurudisha udongo wote, kisha huhama. Zefania alifukia siku hiyohiyo. Alisema Jumapili wangehamia Mitundu, kwa kaka yake. Dorkas alilia. Nyuma ya nyumba alizikwa Hosea, mtoto wake wa kwanza. Nani angelipalilia kaburi lake?

Alikuwa amebakiza kifupa kimoja na bonge la tope kwenye pindo la kanga. Akampelekea Elina, fundi wa maji wa pale kijijini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea marehemu."

Elina alikigeuza kifupa, akatabasamu. "Huyu ni kambale, mama. Huu ni uti wake wa mgongo."

"Kambale gani huogelea vumbini?"

Elina alimfuata hadi nyumbani. Mbele ya Zefania alitia kokoto, mchanga, udongo na maji kwenye chupa, akaitikisa, akaiweka chini. Kokoto zilitua kwanza, kisha mchanga. Tope lilitua mwisho.

"Zamani sana ardhi hii ilipasuka," alisema. "Upande ule ukabaki juu, ndio mlima. Huku kukazama, maji yakajaa, likawa ziwa. Vijito vya mlimani viliangusha kokoto ufukoni. Tope jepesi lilifika mbali, katikati. Mvua zilipopungua, ziwa likasinyaa, likaacha chumvi kwenye tope. Baba, ulichimba katikati ya ziwa. Chimba ufukoni, kwenye kokoto zinazopitisha maji matamu ya mlimani."

Zefania alinung'unika kwamba mwiko ni mwiko.

"Kuheshimu wafu ni vizuri," Elina alijibu. "Ila kwanza ujue aliyekufa ni nani."

Dorkas alilamba lile bonge la tope, akampa mumewe. Zefania alilamba pia. Lilikuwa na chumvi kali. Akachukua sururu.

Walichimba chini ya mlima, penye kokoto. Siku ya kumi na mbili maji yalitoka, matamu. Wakajenga ukingo na kufunika kisima vizuri. Habari ya Mitundu haikutajwa tena.

Asubuhi moja Dorkas alikuwa amejaza ndoo. Ardhi ikatikisika. Maji ndani ya ndoo yakafanya mikunjo midogomidogo, ileile ya shimoni. Hakukimbia. Alisubiri maji yatulie, akajitwika, akaenda kumwagilia maua kwenye kaburi la Hosea.