Fundi wa Vitabu na Makala ya Watu Wote

Asubuhi hiyo fundi wa kujalidi vitabu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya mwanawe, amekunja uso. Meza ya karakana ilijaa uzi, nta na gundi, lakini hakugusa hata sindano. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka, na wanawe walikwisha kushika kazi nyingine. Alitaka jambo moja tu: mshono aliofundishwa na marehemu baba yake usizikwe pamoja naye.

Ndiyo maana aliitafuta makala ya kujalidi vitabu katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote huruhusiwa kuihariri. Aliiona ina upungufu. Akafanya kama afanyavyo kazini. Kwake yeye, kitabu kilichoshonwa vibaya hakitiwi kiraka. Hufumuliwa chote, kikashonwa upya. Basi akaifuta makala nzima, akaandika yake, akimtaja baba yake kuwa fundi asiye na mfano duniani.

Haukupita muda, mhariri mmoja akairudisha makala ya zamani. Fundi akafuta tena. Ikarudishwa tena, safari hii pamoja na onyo: akiendelea, atafungiwa asihariri kabisa.

Mkewe alimletea maji, akachungulia kioo cha kompyuta, akacheka kidogo.

"Mume wangu, unapigana na mtu usiyemjua hata ndevu zake."

"Huyo ni hasidi," alisema fundi. "Ananifutia baba yangu."

"Nawe umewafutia baba zao wangapi?"

Fundi akalisoma tena lile onyo. Mkewe akaenda kumwita jirani yao, mkutubi, ambaye naye huihariri kamusi ile. Mkutubi alisoma yote kwa utulivu, kisha akauliza kwa adabu:

"Mzee wangu, kabla ya kuifumua, ulimwuliza yeyote?"

"Nimwulize nani, binti yangu? Haina mwenyewe."

"Wenyewe ni wengi. Kila sentensi pale ina mtu aliyeitolea jasho. Na haya yako umeyapata wapi?"

"Kwa baba yangu."

"Mimi nakuamini. Lakini msomaji wa mbali atahakikishaje? Mpe kitabu kilichochapishwa, akakifungue mwenyewe."

Akamweleza kuwa kila makala ina ukurasa wa majadiliano, na huko ndiko watu husemezana. Mwenye busara hubadilisha kidogo kidogo, akaandika kwa ufupi sababu yake. Mabadiliko yake yakifutwa, hashindani, huuliza. Sifa za jamaa huziacha nyumbani.

"Na juu ya yote, anza na dhana njema," alimaliza mkutubi. "Huenda yule anailinda makala kama unavyomlinda baba yako."

Wakaenda wote maktabani. Katika kitabu kimoja cha ufundi palikuwa na picha ya mshono ule ule. Fundi aliutambua hata kabla ya kuvaa miwani.

Aliporudi aliandika katika ukurasa wa majadiliano: "Nilifuta kazi yenu bila kuuliza. Niwieni radhi. Naomba kuongeza aya hii moja, na chanzo chake ni hiki."

Jibu lilikuja jioni. Mhariri yule alikuwa muuguzi, akiandika wakati wa mapumziko yake. Alimkaribisha, naye akaomba radhi kwa kurudisha makala bila kueleza sababu. Ila aliomba sentensi moja ya aya ile iondolewe, ile iliyosema kwamba gundi huharibu kila kitabu. Chanzo cha muuguzi kilisema vijitabu vyembamba hushikwa vyema na gundi.

Fundi akaguna. Lakini palepale rafuni vilikuwepo vijitabu alivyovitia gundi kwa mkono wake ujanani, navyo vingali vizima. Akaiondoa.

Aya ikaingia katika makala, ikabaki. Baadaye mtu mwingine akaongeza mchoro wa mshono, hatua kwa hatua. Kisha mwanafunzi wa mbali akauliza kama uzi hupakwa nta kabla ya kushona, na fundi akamjibu kwa furaha.

Mkewe aliisoma makala toka juu hadi chini.

"Jina la baba mkwe silioni."

"Halimo."

"Huna kinyongo?"

Fundi alikuwa akiutazama mchoro, kidole chake kikiufuata uzi kutoka tundu hadi tundu.

"Jina tutalitaja sisi katika dua," alisema. "Mkono wake umo."