Mteja Aliyeridhika

Ndimu alikunywa chai yenye maziwa yaliyoungua, akaweka kikombe mezani polepole, akasema, "Nimeridhika sana na huduma hii."

Mama yake aligeuka na mwiko mkononi. Huyu kijana hakuwahi kuridhika na kitu tangu ziwa la kwanza. Jina la Ndimu alipewa na mtaa mzima na hakuna aliyebisha. Chai ikiwa tamu ataisema sukari, sukari ikiwa sawa atakisema kikombe, na kikombe kikiwa kipya atauliza nani alitumwa kununua vikombe.

"Umesemaje?"

"Nimeridhika sana na huduma hii. Nitawaambia na wengine."

Akatabasamu meno yote, akachukua miwani yake ya kuchomelea, akaenda zake karakana. Jikoni kukabaki harufu ya plastiki iliyopata moto, kama ya chaja inayotaka kuungua. Mama akanusa jiko, akanusa soketi, hakuona kitu.

"Mdogo wako haumwi?" akamuuliza binti yake kutoka mlangoni.

Binti hakusikia. Alikuwa anaitukana kompyuta.

Kutukana ndiko kulikokuwa nusu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa tovuti, amejiajiri mwenyewe katika chumba kilichopakana na jiko, na kila siku ya Mungu palikuwa na kitu cha kumpandisha presha. Mtandao unakatika akiwa katikati ya kupandisha kazi. Kompyuta inajizima ili ijisasishe, na hakuna aliyeiomba. Ukurasa uliokaa vizuri kwenye skrini yake unafika kwenye simu ya mteja umepinda kama uliogongwa na gari. Na wateja ndio usiseme. Mmoja alitaka rangi nyekundu isiyokuwa nyekundu sana lakini isiwe rangi nyingine. Mwingine alitaka tovuti kesho, ila maneno na picha za kuweka humo ataleta akipata nafasi, na nafasi yenyewe haikupatikana mpaka mvua zikaja zikaondoka.

"Ungekuwa unamtukana mtu hivyo, angeshakuroga," mama yake alizoea kumwambia.

"Mtu angenijibu, mama. Hii inazungusha kiduara tu."

Hasira hizo ndizo zilizomfikisha pabaya. Kwenye tovuti za biashara huwa pana mahali pa wateja kusifu: picha ya mtu, na maneno yake chini. Wenye biashara wanapapenda sana, lakini ukiwaambia walete huyo mtu aliyewasifu, wanapotea. Siku moja damu ilikuwa inamchemka, anamngoja mwoka keki atume picha, simu haipokelewi, akasema basi. Akachukua picha ya Ndimu ya harusi ya binamu yao, amevaa koti la kuazima na anacheka. Alikuwa anacheka kwa sababu mpiga picha alikuwa ametumbukia mtaroni. Akamweka hapo, na chini akaandika: *Nimeridhika sana na huduma hii. Kazi ya haraka na ya uhakika. Nitawaambia na wengine.*

Aliweka kwa muda tu, mpaka wa kweli apatikane. Wa kweli hakupatikana. Kazi iliyofuata akahamisha sura ile ile na maneno yale yale, na iliyofuata tena, mpaka Ndimu akawa anamsifu mwoka keki, dobi, fundi bomba, mng'oa meno na muuza magodoro. Ndimu hakuulizwa. Hakuwa na simu ya kuona mambo hayo, na angeona angeivunja. Basi ikakaa sura inacheka usiku na mchana haina mtu ndani yake, na maneno hayana ulimi. Vitu vinavyotafuta mahali pa kukaa havikosekani duniani.

Mtaa ulianza kwa kucheka. Jirani alimwuliza mama mtu, "Ndimu kapata mchumba nini? Nimemkuta dirishani mwa dobi, kaniambia kazi ya haraka na ya uhakika."

"Mchumba gani atamweza huyo."

"Basi kapata dini."

Lakini kicheko hakikudumu, maana Ndimu hakuwa na neno la nne. Alikuwa na sentensi tatu, anazizungusha. Ukimsalimia, ameridhika. Ukimwambia nyumba inavuja juu ya kitanda chake, kazi ya haraka. Mama yake akampikia chakula bila chumvi, kwa makusudi, akakaa mbele yake na moyo mkononi akingoja atukanwe. Ndimu akala sahani nzima.

"Bado hujaona kitu?" mama alimwambia binti yake, sauti chini.

"Kachoka, mama. Mwache apumzike na sisi tupumzike."

Wiki haijaisha, bosi wa karakana akapiga simu mchana. "Dada, njoo umchukue mdogo wako."

Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkono wa kulia umezungushiwa fulana ya mtu. Bosi alimvuta pembeni.

"Kashika chuma kilichotoka motoni. Kashika, na hakuachia. Nimempiga teke mimi ndipo kikamtoka."

"Akasema nini?"

Bosi alitazama chini. "Alisema kazi ya haraka na ya uhakika. Dada, huyu mtu ananitukania mpaka mama yangu mzazi, miaka yote. Leo ningetoa chochote anitukane."

Dada mtu akachuchumaa mbele ya ndoo, jua la saa saba likimuwakia mgongoni na mashine zote zimezimwa na mafundi wamesimama mbali, ile harufu ya plastiki iliyopata moto ikimwingia puani pamoja na harufu ya nyama, akasikia sauti ndogo ikitoka ndani ya mdomo wa mdogo wake, tak, tak, tak, meno yakigongana moja baada ya jingine kama vidole vya mtu anayechapa kwenye kibodi, na meno yalipomaliza kuchapa mdomo ukafunguka ukasema, "Nimeridhika sana na huduma hii," ukabaki wazi katika tabasamu lile lile la kwenye picha, na juu ya tabasamu hilo macho ya Ndimu, yake mwenyewe, makali na mekundu, yakimtazama dada yake kwa ghadhabu ya mtu aliyefungiwa chumbani, machozi yakishuka na kuingia katikati ya meno.

Hapo ndipo alipojua anayasikia maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe kwenye tovuti.

Zahanati walimfunga mkono. Walimwuliza kama anaumia, akawaambia atawaambia na wengine.

Mama akamleta mganga. Alikuwa mtu mnene mwenye mafua, akaingia akilalamikia ngazi, akakaa karibu na Ndimu akafukiza, akasoma, akafukiza tena. Akauliza, "Wewe nani?" Tak, tak, tak. Ameridhika. Mganga akauliza anataka nini. Ameridhika. Mganga akapenga kamasi, akazima moshi wake mwenyewe.

"Hili silitoi kwa moshi," alisema. "Mengine yanaingia kwa wizi, unayatisha yanatoka. Hili limekaribishwa. Nani kalipatia sura?"

Dada mtu akasema yote, kwa sauti ambayo mama yake ilibidi asogee ili aisikie.

"Nenda kaifute," mganga alisema. "Sura na maneno, kila ulipoviweka. Ikibaki hata sehemu moja, limebaki. Na sikiliza, binti. Usiliwekee sura ya mtu mwingine. Weka ua, weka sufuria, acha patupu. Mtu, hapana."

"Na likikataa?"

"Halikatai. Litakuchelewesha tu. Ndimu naye hali wala halali, anameza tu anachowekewa mdomoni. Usikae sana."

Basi akakaa kwenye kompyuta, na kila uchafu wa kazi ile uliokuwa ukimtia hasira za kawaida ukaja siku hiyo ukiwa na roho ya mtu ndani yake. Tovuti ya dobi ilikataa neno la siri. Akaomba jipya, likatumwa kwenye barua pepe ya dobi, na dobi hajui barua pepe ni nini. Bando likaisha. Akanunua bando, umeme ukakatika. Umeme ukarudi, kompyuta ikasema inajisasisha, tafadhali usizime. Alikaa akiitazama inajisasisha huku chumba cha pili meno yanagonga, tak, tak, tak, na mama yake anamwambia Ndimu kwa kunong'ona, nitukane mwanangu, nitukane mara moja tu.

"Mwizi wewe," alisema dada mtu kwa skrini, machozi yanamtoka. "Mbwa wewe. Fungua."

Ikafunguka. Akafuta kwa dobi. Akafuta kwa fundi bomba. Kwa mng'oa meno kiduara kikazunguka mpaka jua likahama dirisha, kisha ukurasa ukamtaka athibitishe kwamba yeye ni mtu, si mashine, achague picha zenye taa za barabarani, akachagua, ikasema amekosea, achague zenye magari, akachagua, ikasema amekosea, halafu vijiboksi vyote vikageuka kwa pamoja na katika kila kimoja akaona koti la kuazima na meno yale, na maneno juu yake yakamtaka achague picha zote zenye mtu aliyeridhika, na nyuma ya mgongo wake, ingawa hakusikia mlango, ile harufu ikamfikia shingoni kama pumzi. Hakugeuka. Hasira ilikuwa imeizidi hofu. Akazibonyeza zote, moja moja, kwa nguvu mpaka kidole kikauma, na ukurasa ukafunguka, akafuta.

Kwa mwoka keki pia akafuta. Akabaki muuza magodoro.

Huyo tovuti yake ilikuwa haifunguki bila namba zinazotumwa kwenye simu yake mwenyewe, akamfuata dukani. Alimkuta amesimama kati ya magodoro yaliyosimamishwa ukutani, anamfokea mke wake mbele ya wateja kwa sababu ya mto uliowekwa kichwa chini. Mto, kichwa chini.

Akamweleza kwamba ile picha lazima iondoke, mwenye sura anaumwa.

"Una wazimu?" alisema muuza magodoro. "Tangu huyo bwana awekwe hapo simu yangu haipoi. Watu wanaingia wanamwulizia."

"Ni mdogo wangu, baba. Hali. Nisomee namba tu, dakika moja."

"Akiumwa apelekwe hospitali, mimi si daktari." Akamgeukia mke wake. "Na wewe unasikiliza nini, ng'ombe wewe? Panga mito."

Mke akapanga mito.

"Nitaweka picha nyingine," dada mtu alisema. Alikuwa na ua tayari kwenye kompyuta yake, ua zuri la njano.

"Ua? Nauza maua mimi? Weka mtu, tena mtu wa maana. Mbona hukuniweka mimi tangu mwanzo? Mimi nina sura mbaya?" Akacheka, akainua mdomo kuelekea mlangoni. "Huyo mdogo wako akifa, njoo. Nina godoro la maiti, bei ya ndugu."

Dada mtu alimtazama. Maneno ya mganga aliyakumbuka yote, neno kwa neno, asije mtu akasema aliyasahau. Akainua simu yake.

"Cheka kidogo, baba," alisema.

Akacheka. Akajiweka sawa kola, akacheka tena, akataka apigwe kutoka upande wa kushoto. Kisha akasoma namba zake kwa sauti, kwa majivuno, na dada mtu akaondoa sura ya Ndimu akaweka ya muuza magodoro, maneno akayaacha vile vile, akabonyeza. Hakuna kiduara kilichozunguka. Haijawahi kutokea kazi kwenda kwa urahisi namna ile.

Hajafika nyumbani mama yake akapiga simu. Nyuma ya sauti ya mama palikuwa na mtu anapiga kelele: nani kamvalisha soksi za kijani, nani kamwunguza mkono, na hii chai au maji ya kuoshea sufuria. Alipoelezwa habari za picha, Ndimu alimtukana dada yake mpaka jioni bila kurudia tusi, naye akavuta kiti akasikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

Dukani kwa magodoro hakupita tena. Alijiambia kwamba yule alijitakia. Alijiambia mara nyingi.

Halafu simu ikaita asubuhi moja, namba ya muuza magodoro. Aliyeongea alikuwa mwanamke, kwa sauti ya mtu anayezungumza akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Wewe ndiye uliyempiga picha mume wangu?"

"Ndiye mimi, dada."

"Juzi nimempa wali mbichi. Amesema ameridhika. Jana nimemwambia leo sipiki. Ameridhika." Nyuma yake ilisikika, taratibu, tak, tak, tak. "Analia, lakini. Machozi yanatoka kutwa nzima, mdomo unacheka. Wateja wanasema kapata moyo laini."

Dada mtu alikaa mezani. Akaifungua kompyuta haraka, kwa mara ya kwanza bila kuitukana. "Naweza kuiondoa. Naweka ua. Zitakuja namba kwenye hiyo simu uliyoshika, nisomee tu, dada, sasa hivi."

Namba zilisikika zikiingia, mlio mdogo sikioni.

"Zimekuja?"

"Zimekuja."

"Nisomee."

Mwanamke yule alivuta pumzi, na alipozungumza tena alikuwa ameuondoa mkono mdomoni.

"Dada," alisema, "mama wa mume wangu naye anaishi hapa kwetu. Anapenda sana kupigwa picha."