Zoezi la Nazi

Mwaka 1998, nikitoka shule alasiri hapa kwetu Tiwi, kazi yangu ilikuwa moja: kukuna nazi ya mchuzi. Kwangu mimi Mbeyu ilikuwa dawa. Nilikuwa nimeanguka kutoka mkoroshoni, tamaa ya mabibo ikaniponza, nikavunjika mkono wa kulia. Plasta ilipotolewa kiwiko kilikuwa kimekaza, mkono haunyooki. Nami ndiye niliyekuwa mfungaji wa timu ya netiboli, na mechi yetu na wasichana wa Msambweni ilikuwa imebakiza wiki saba tu.

Dawa hiyo aliibuni Daktari Mbithi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika zahanati moja ya Diani. Alimwuliza mama kazi za kila siku za jikoni, akasikia habari za nazi, akafurahi sana. Aliniagiza nikae juu ya mbuzi ya kukunia, nishike nazi kwa mkono wa kulia, nisukume na kuvuta polepole, nazi moja kila siku, hata pakiuma kidogo.

Kisha akatuonyesha kompyuta. Sikuwa nimepata kuiona. Ilipopigishwa simu ili iingie mtandaoni ililia kama kuku anayefukuzwa, halafu maandishi yakajitokeza.

"Ukurasa huu hauna mwenyewe," alisema. "Wataalamu wa nchi nyingi tunaandika humu tunayoyajua. Nikikosea, mwenzangu hurekebisha. Akigundua jambo, nami huku Diani nalipata."

Akaandika zoezi la nazi mbele yetu, bila kutaja jina langu. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Mbuzi ya mama yangu inasomwa dunia nzima!

Lakini siku ya nne kiwiko kilinichoma, nikatafuta ujanja. Nikakuna kwa mkono wa kushoto. Mama angeniona nikishika chakula kwa kushoto ningekiona cha mtema kuni, kwa hivyo niliihamishia mbuzi nyuma ya jiko, nikadai kuna upepo mzuri. Nazi inakunwa, mchuzi unapikwa, nani angejua? Kila nilipoulizwa zahanatini nilijibu kwamba nakuna nazi moja kila siku, mkono wa kulia. Mkono nao ulibaki umepinda vile vile.

Wiki ya tatu tulimkuta Daktari Mbithi amenyong'onyea. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba kwa sauti ndogo. Alimweleza mama kwamba ameandika kwenye ukurasa kuwa zoezi la nazi halifai. Mtaalamu mmoja wa Kerala, huko India, ambako nako watu hukuna nazi, alikuwa akimtibu mtoto wa miaka kumi mwenye kiwiko kama changu. Alikuwa ameanza kumfanyisha zoezi letu. Baada ya kusoma habari hiyo, alimwachisha.

Nilidhani uongo wangu ni wangu na mkono wangu. Kumbe umevuka bahari, umemshika mkono mtoto nisiyemjua.

"Daktari, nimekuna kwa mkono wa kushoto," nikasema. "Tangu siku ya nne. Tafadhali, mtoto yule asiachishwe."

Mama alinigeukia. "Husemwa njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Yako wewe imefika hadi Bara Hindi."

Daktari hakunigombeza. Aliivuta kompyuta, ikalia tena kama kuku, akafuta aliyoyaandika na kueleza ukweli wote. Akaniambia tuanze upya.

Tangu siku hiyo nilikuna mbele ya mama, kwa mkono wa kulia, machozi yakinitoka. Wiki ya kwanza mkono ulinyooka kidogo. Wiki iliyofuata ukanyooka zaidi! Huko Kerala nako mtoto alirudi kwenye nazi, na kila nilipofika zahanatini nilitaka kwanza kusikia habari zake. Yeye akinipita, nilirudi nyumbani nikikuna kwa hasira. Nikimpita, nilimwonea huruma, lakini si sana.

Siku ya mechi nilikosa mengi na kufunga sita. Tulishinda kwa bao moja. Niliinua mkono mbele ya uwanja mzima, wenzangu wakanibeba juujuu.

Jumatatu nilikwenda Diani na mama. Daktari Mbithi alitusomea maneno mapya kutoka Kerala: mtoto yule jana alikula wali kwa mkono wake wa kulia, mara ya kwanza tangu avunjike. Mama alijifuta macho kwa ncha ya leso.

"Mbeyu," Daktari alisema, "ujuzi tunaoshirikiana ni chungu cha mchuzi wa watu wengi. Ukitia mchanga, hujui atautafuna nani. Lakini wewe ulisema mapema, tukauondoa kabla hajaumia mtu. Useme kweli hata pale ambapo hapana akuonaye."

Jioni hiyo nilikuna nazi mbili bila kuambiwa. Moja ilikuwa yetu, na moja ya yule mtoto wa Kerala.