Aliyemsainia Daktari

Kwenye karatasi ya mahudhurio saini yake ilikuwepo. Yeye hakuwepo.

Jambo dogo. Chuoni watu husainiana. Ndiyo elimu ya kwanza wanayoipata, na kwa wengine ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo Daktari, kama nyumbani walivyomwita tangu siku alipochaguliwa kusomea udaktari, kabla hajajua hata kufunga bandeji, alimshukuru mwenzake wa chumba.

"Mimi? Sijakusainia, shoga. Nilijua unaumwa."

"Basi nani?"

"Muulize mwenye mwandiko. Mzuri kuliko wako."

Wakacheka. Wiki iliyofuata saini zilikuwa tano, na siku zote tano Daktari alikuwa amejificha maktaba akichora nyumba: ngazi, madirisha, baraza. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kujua kwamba kozi hii si yake, na mwaka wa tatu wa kukosa ulimi wa kumwambia mama yake, fundi cherehani, aliyemshonea lile koti jeupe na kumsifia kwa kila mteja anayekuja kupimwa gauni.

Kisha chumba kikaanza kunuka dawa ya kuhifadhia maiti. Mto, taulo, hata mswaki.

Mama akapiga simu. "Ahsante kwa kuja jana, mwanangu. Ulivyonipima presha, nimelala vizuri. Ila mikono yako baridi kama samaki. Unakula kweli?"

Jana Daktari hakutoka chuoni.

Hapo akakumbuka. Mchana mmoja, wenzake walipokwenda kula, aliinama juu ya maiti waliyokuwa wakijifunzia akasema, nusu utani, "Kama kuna anayeutaka udaktari huu, auchukue." Alidhani anasema na maiti. Maiti hakuwa peke yake.

Akaenda kwa nesi mstaafu asiyevaa hirizi wala kupiga ramli, aliyetibu watu na majini kwa ukali uleule.

"Hujarogwa," nesi alisema. "Umetoa, kimepokelewa. Rudi palepale, saa ileile, useme unakitaka chako. Lakini ukitake kweli. Wale wananusa uongo."

"Na kama sikitaki?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Nesi akavua miwani. "Basi mwambie mama yako leo, kwa mdomo wako. Jini atabaki na kozi, wewe utabaki na nafsi yako. Ukimdanganya yeyote kati ya hao wawili, jini atachukua vyote."

Akampigia mama. "Daktari wangu!" mama alisema, na nyuma yake wateja wakasikika wakicheka kwa furaha. "Hapa tunakutaja wewe tu. Kuna nini?"

"Nilikuwa nakusalimu tu, mama."

Saa saba mchana aliingia kwenye chumba cha maiti. Jua lilikuwa limejaa madirishani na meza zote zilikuwa zimefunikwa shuka, ila kwenye meza yake aliketi mtu aliyempa mgongo, amevaa koti alilolijua kila mshono, akipasua taratibu kwa mkono usiotetemeka, mkono ambao yeye kwa miaka mitatu hakuwahi kuupata, na harufu ile ikamjaa puani, ikashuka kooni, ikamfanya asahau maneno yote aliyoyakariri njiani, mpaka yule mtu alipogeuka na kumtazama kwa uso wake mwenyewe, uliopumzika, usio na shaka hata chembe.

"Unakitaka?"

"Nakitaka," Daktari alinong'ona.

Kile kitu kikasogea, kikanusa mdomo wake kama mtu anayenusa maziwa.

"Muongo," kikasema kwa upole.

Alijikuta amelala chali juu ya meza ya jirani, shuka likiwa miguuni, baridi ikimpanda kutoka mgongoni. Mfukoni mwa lile koti simu ikaita.

"Shikamoo mama," kile kitu kikapokea.

"Marahaba, Daktari wangu."

"Mama, ni mimi," alilia kutoka mezani. "Mama."

"Nani huyo anaita mama?" mama akauliza.

"Hakuna mtu, mama," kilijibu, kikivuta shuka. "Huku ni maiti tu."