Kidole Gumba cha Marjorie

Wewe unayesoma hapo, umewahi kumhonga mtoto kwa pipi ili akufanyie jambo ambalo ungeona haya kumweleza mama yake? Fikiria taratibu. Sina haraka, na sina kazi ya kuniharakisha.

Mimi nimewahi. Mtoto ni wa dada yangu, anaitwa Maisie, wakati huo alikuwa na miaka sita. Yaliyompata nayaandika kwa jina langu, Neil Thackray wa Keighley, huku Uingereza, asije mtu akasema ni habari za kusikia kwa jirani.

Nina digrii ya historia, daraja la kwanza. Imetundikwa chooni kwa dada yangu Leanne, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na msumari. Niliomba kazi mia mbili na kumi na moja. Wale waliojibu, walijibu "sorry" wakakosea jina langu. Mwishowe nikapata miezi mitatu ya majaribio kwenye kampuni ndogo iliyo juu ya duka la mazulia, inayopima ubora wa sarafu za zamani za Kiingereza.

Usicheke. Nchi hii ina watu wazima, wenye wake na magari, wanaonuniana maisha yao yote kwa sababu ya nywele za mfalme aliyechorwa kwenye sarafu. Unaichukua peni, ile sarafu ya shaba, kwa ukingo, kamwe usiguse uso wake, unaiinamisha chini ya taa. Unatazama kwanza palipoinuka, maana ndipo panapolika mwanzo: nyusi za mfalme, nywele za juu ya sikio, shavu. Pamelika kidogo, unaandika Nzuri Sana. Pamekuwa laini kama sabuni, unaandika Hafifu, na mwenyewe anaenda kulia kwenye gari. Kisha sarafu inafungiwa ndani ya kasha la plastiki linaloungwa kwa joto, lenye namba yake, lisilofunguka bila kuvunjwa. Hata hewa haiingii.

Humo chumbani hatukuongea kwa sauti. Tone la mate likirukia shaba, baada ya mwaka panatokea doa jeusi lisilotoka. Kwa hiyo tulinong'ona tukiwa tumegeuza shingo pembeni, kama watu wanaomsengenya maiti aliyelazwa mbele yao.

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida, na mvua yake ya kawaida. Nimekula mkate wangu wa yai dirishani, nimerudi mezani. Kwenye trei kulikuwa na peni ya mwaka 1937, nyekundu kama imetoka mtamboni asubuhi ile. Peni hiyo haina thamani, zilitengenezwa mamilioni. Kasha lenyewe ni ghali kuliko sarafu. Ila juu ya shavu la mfalme palikuwa na alama ya kidole gumba. Kidogo. Cha mtoto. Mafuta ya kidole yakibaki juu ya shaba mpya huila polepole, miaka na miaka, hadi mistari inakuwa ya kahawia iliyokolea. Kwetu hiyo ni kasoro. Inashusha daraja.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanza.

Kampuni inaapa kwenye karatasi zake kwamba haisafishi sarafu. Kwa watu hawa, kusafisha sarafu ni kama kufukua kaburi. Lakini nyuma ya sinki kulikuwa na chupa isiyo na lebo, tuliyoiita chai. Bwana Pargeter, mwenye kampuni, alinionyesha wiki ya kwanza: sekunde tatu ndani ya chai, suuza, kausha, mteja anapata daraja la juu na kesho analeta nyingine. "Msomi," aliniambia, shingo pembeni, "usijitese. Hata wewe ulioga kabla ya intavyuu."

Barua za wateja hatukuzisoma. Zilibaki mapokezi kwa makusudi, ili mpimaji asijue sarafu ni ya nani akapendelea. Kwa hiyo sikujua kitu. Nilijua tu kwamba mwezi wa tatu wa majaribio unaisha Ijumaa, na nilitaka ajira.

Nikaichovya. Moja, mbili, tatu. Kile kidole kikafutika kama pumzi kwenye kioo.

Nikajisifu, wallahi nilijisifu.

Kesho yake mama wa mapokezi, aliyeiona peni imerudi bila alama, akaniletea barua, uso wake umebadilika. Ilitoka kwa bibi mmoja, Enid Holroyd, wa miaka themanini na kitu. Aliandika kwamba yeye na pacha wake Marjorie walizaliwa mwaka ule wa 1937, baba yao akaenda benki kuchukua peni mbili mpya, moja kwa kila mtoto. Ya Enid iliishia kwenye peremende. Ya Marjorie ilibaki kwenye kikopo. Walipofikia miaka sita, Marjorie aliitoa aichezee, vidole vimejaa asali ya miwa. Wiki iliyofuata akashikwa na dondakoo. Hakumaliza siku tano.

Picha yake hawakuwa nayo hata moja. "Kidole hicho ndicho kilichobaki," bibi aliandika. "Nasikia mna kasha lisiloingiza hewa. Naomba mumfungie humo, asizidi kuliwa." Alhamisi angekuja mwenyewe kuona inavyofungwa.

Nilimpelekea Bwana Pargeter barua. Aliisoma mara mbili, akaikunja. Hakugomba. Alisema wazee macho yao ni mabovu. Alisema Ijumaa ataamua habari ya ajira yangu. Kisha akageuza shingo, akanong'ona:

"Kwenu kuna mtoto, sivyo?"

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumpigia bibi yule nikamwambia ukweli, nikalia naye kwenye simu. Badala yake nikaitia peni mfukoni.

Jumatano, saa za watoto kutoka shule, Leanne alikuwa bado kazini. Nilimpakia Maisie asali ya miwa kwenye mkate, nikamwacha alambe vidole. Nikaiweka peni mezani juu ya kitambaa.

"Bonyeza hapa. Usisogeze."

Akaitazama. "Ya nani?"

"Ya mtu mmoja."

"Amekubali?"

Nikamwambia ndiyo, amekubali. Nikampa pipi ya chokoleti.

Akabonyeza. Halafu akaurudisha mkono haraka, akaukung'uta. "Imenivuta, mjomba," akasema. Nikacheka. Niliicheka kauli ile, Mungu anisamehe.

Nikaiweka peni juu ya bomba la kupashia nyumba joto, nikitumaini itabadilika rangi hata kidogo. Kazi hiyo huchukua miaka. Niliporudi na kikombe changu cha chai, chai ya kweli, alama ilikuwa ya kahawia iliyokolea.

Nikaipima kwa lenzi. Mistari safi, mviringo ndani ya mviringo, haijakatika popote. Hilo nilihakikisha. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikilipwa kuifanya.

Bibi Holroyd alikuja Alhamisi saa nne, na koti lake la kanisani. Nilimwekea peni chini ya taa, nikampa lenzi. Akainama.

"Alijikata na kopo," akanong'ona. "Lile la asali. Alikuwa na kovu limekatiza hivi." Akajichora juu ya kidole chake. "Nilisahau. Miaka yote hii nimesahau, hadi nimeliona sasa hivi."

Nikachukua lenzi.

Kovu lilikuwepo. Limekatiza kidole kutoka kushoto kwenda kulia.

Maisie hana kovu.

"Mungu akubariki, mwanangu," bibi akaniambia, na akanishika mkono wangu ule ule ulioichovya peni. "Umenitunzia." Akaniuliza mbona ninatetemeka. Bwana Pargeter akamjibu kwamba jengo lina baridi. Mashine ikashuka, ikapumua, kasha likafungika. Namba 70416. Wakati linafungika nilisoma maandishi ya Kilatini yanayozunguka kichwa cha mfalme, kwa kuwa sikuweza kumtazama yule bibi machoni. F:D:, yaani mlinzi wa imani.

Ijumaa nikaambiwa hakuna ajira. Kampuni inapunguza watu. Haya.

Jumatatu, shule ikaleta habari. Kwenye kantini yao watoto hulipia chakula kwa kuweka kidole gumba kwenye mashine. Mashine ilimkataa Maisie. Mama wa kantini akamfuta mkono, akajaribu tena, ikakataa. Leanne alilieleza jambo hilo wakati wa chakula kama kichekesho: "Binti yangu amekuwa jambazi bwana, polisi hawampati." Akacheka mwenyewe.

Nilimwomba Maisie anionyeshe. Nilimpeleka chini ya taa. Nilimshika kwa ukingo wa kidole, nikakiinamisha huku na huku.

Palikuwa pamelika katikati, kwenye tumbo la kidole, palipoinuka. Pembeni mistari bado ilikuwepo.

Nzuri Sana, nikasema moyoni. Kabla sijajizuia. Nilimpa mtoto wa dada yangu daraja.

Wiki iliyofuata ilikuwa Hafifu. Kisha kidole cha pili kikaanza. Daktari alisema ni ukurutu, akatoa mafuta ya kupaka. Alipomwona tena alivishika vidole vitano vya mkono wa kulia, vyote laini kama sabuni, akasema atauliza wenzake. Hajatuita hadi leo.

Na Maisie akaacha kuongea kwa sauti. Ukimsemesha, anageuza shingo pembeni, ndipo anajibu. Hajawahi kufika kule ofisini. Sikuwahi kumhadithia.

"Mbona unanong'ona, mama?" nilimuuliza siku moja mchana, tukiwa wawili jikoni.

"Ukiongea kwa nguvu," akasema, "huku ndani kunatoka doa."

Sikuuliza ndani ya nini.

Januari nilipata barua. Bibi Holroyd alikuwa ameomba anwani yangu kwa mama wa mapokezi, akitaka kunishukuru, na kunieleza jambo dogo. Alisema plastiki imeingia kitu, kwa ndani. Kuna alama nyingine za vidole, si juu ya peni, ni kwenye kasha lenyewe, upande wa ndani. Hazina kovu. "Nilimhofia Marjorie upweke," aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani, "sasa naona amepata mwenzake. Marjorie ametulia. Ila huyu wa pili anagonga."

Nilimpigia simu mara nyingi. Mwishowe akapokea mpwa wake. Bibi alikuwa amezikwa siku tatu zilizopita, na peni mpwa huyo alikuwa ameirudisha kwenye kampuni, kwa kuwa kasha lilionekana na hitilafu na lina dhamana.

Nikaenda. Nilipanda ngazi za lile duka la mazulia nikikimbia. Bwana Pargeter alikuwa peke yake. Nilimwambia yote, hata la kidole cha Maisie, ambalo alilijua. Alinisikiliza akiwa amekaa, kisha akafungua sefu akaliweka kasha chini ya taa. Nadhani alitaka mtu mwingine aone. Nadhani alikuwa hajalala siku nyingi.

Vidole vitano vidogo, vimetandazwa upande wa ndani wa plastiki, kama mtoto aliyeegemea dirisha. Juu yake kidogo, alama pana isiyo na mistari, ya mviringo. Nilichelewa kuitambua.

Shavu.

Na pale mdomo ungekuwa, palikuwa na ukungu. Ndani ya kasha lisiloingiza hewa. Ukaja. Ukaondoka. Ukaja.

"Livunje," nikanong'ona.

Akageuza shingo pembeni. Alisema likivunjwa lazima aandike sababu, na akiandika sababu ataulizwa habari za ile chupa, na baada ya hapo hakuna mtu atakayeamini kasha lake hata moja, na yako elfu sabini. Akalirudisha kwenye sefu. Nilimrukia mkono, nikachelewa. Mlango ulipojifunga nilisikia kitu kidogo kikigonga, mara tatu, kama kucha kwenye kikombe.

Niliporudi nyumbani Maisie alikuwa anachora. Unyusi wake wa kulia haupo tena. Shavu la kulia limekosa kile kishimo chake cha kucheka. Ni laini tu. Leanne anasema kwenye picha mpya za simu mtoto hatoki vizuri, anafikiri ni kamera. Anaifuta kamera kwa upindo wa fulana yake, anajaribu tena.

Sijamwambia. Dada yangu aliyenipa chumba na msumari wa digrii yangu, nimeshindwa kumwambia. Atalijulia hapa, kama ninyi, na ana haki ya kunifanya atakalo.

Lakini wewe, Bwana Pargeter, na wenzako mnaosaini zile karatasi: ajira yenu siitaki, chai yenu nitainywa mahakamani mkitaka. Kasha namba 70416 lipo kwenye sefu, rafu ya juu. Livunjeni leo. Si baada ya kikao, si baada ya kumuuliza mwanasheria. Leo, wakati shavu la kushoto la Maisie bado lipo.